Sikio la Mukwe

Ukitaka kugombana na Mama Léontine wa mtaa wa Kataki, Kalemie, gusa makasi yake. Mume wake mwenyewe, Papa Gaspard, aliyetumikia reli mpaka akastaafu, aliwahi kuyachukua akatie kamba ya mbuzi, na hadi leo bado anakumbushwa. Yalikuwa makasi mazito, meusi, ya zamani, na mle nyumbani yalikuwa na heshima kuliko viti vya sebuleni. Ndiyo yaliyowasomesha watoto. Ndiyo yaliyonunua bati. Mama Léontine alikuwa akitandika kitenge mezani, anakitazama, hachori kwa chaki wala hapimi, halafu anakata kwa mkupuo mmoja kutoka pindo hadi pindo. Wanawake waliokuja kungoja nguo zao walikuwa wakiacha masimulizi yao ili wamtazame. Alijua kwamba wanatazama, na alipenda watazame. Mtu mwenye kazi nzuri mkononi akijifanya haijui, huyo ni mnafiki, na Mama Léontine hakuwa na unafiki hata chembe.

Basi ugonjwa nao una macho. Ukamshika palepale, kidole gumba cha mkono wa kulia.

Kilianza kwa kukwama. Akikikunja, kinakataa kukunjuka. Akikivuta kwa mkono wa pili, kinafyatuka ghafla na maumivu yanapanda mpaka kwenye kiwiko. Alikikanda kwa mawese ya moto, akakifunga kitambaa, akakiombea, akakitukana. Hakikusikia. Mwisho akapanda pikipiki akaenda kituo cha afya, na Dokta Blanchard, kijana mpole wa miwani, akakikunja na kukikunjua, akasema kuna mshipa umevimba ndani ya kiganja. Dawa yake sindano, hapa, chini ya gumba. Ikishindikana, ni safari ya Lubumbashi kupasuliwa. Kikiachwa hivihivi kitakakamaa moja kwa moja, na makasi ayasahau.

"Choma tu, dokta," akasema Mama Léontine. "Mimi nilizaa watoto wangu wote bila kupiga kelele. Uliza wakunga."

Hilo lilikuwa kweli, na mtaa mzima ulilijua, kwa sababu yeye mwenyewe hakuacha kulisema.

Lakini kiganja, jamani! Kiganja si paja. Sindano ilipoingia, moto ukampanda mpaka begani, na Mama Léontine akapiga yowe lililotoka nje, likavuka barabara, likafika kwa wauza ndizi. Akauvuta mkono, sindano ikachomoka kabla dawa haijaingia. Akasimama ili akimbie. Macho yakajaa giza, akaanza kwenda chali kuelekea kwenye saruji.

Aliyemdaka alikuwa mukwe wake.

Didier, mume wa binti yake Arlette, alikuwa muuguzi palepale kituoni. Alisikia yowe akiwa chumba cha pili, akatoka mbio, hakutazama ni nani, akamdaka mtu anayeanguka. Akamshika kwapani, akambana kifuani, kichwa cha mama kikalala begani pake, mbele ya msururu mzima wa wagonjwa. Asiyetoka kwetu atauliza: sasa ubaya uko wapi? Ubaya uko wote! Mwanamume na mama wa mke wake hawagusani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatajani majina. Wakikutana njiani mmoja anajisogeza pembeni na wanasalimiana macho yakiwa chini. Heshima ya ukwe ndiyo hiyo, haina nyingine.

Na tuseme ukweli, huyo Didier hata kabla ya siku ile hakuwa na bahati kwa mama mkwe. Mama Léontine alimlea Arlette akawa mwalimu, akamngojea mume wa forodha, au angalau wa reli kama baba yake. Akaja muuguzi kutoka Niemba, mtoto wa mkulima wa mihogo. Kama hiyo haitoshi, kazi yake ilimvusha ziwa kwenda Kigoma kwa mafunzo, akarudi na kisanduku cha visindano vya rangi ya dhahabu, vidogo kuliko punje ya mchele. Alikuwa anavichomeka masikioni mwa watu kabla ya kudungwa sindano zile kubwa zinazouma, ili mwili utulie na maumivu yapungue. Watu walikuwa wakisifu. Watoto wa Kataki walimwita Papa Masikio. Mama Léontine alisikia, akasonya.

"Nimezaa mwalimu," alikuwa akiwaambia wateja, "akaolewa na mutoboa masikio." Jina lake hakulitaja, maana ni mukwe. Lakini kuna kutotaja kwa heshima na kuna kutotaja kwa dharau. Yeye alikuwa akisema: yule wa Niemba.

Alipozinduka siku ile na kuona yuko kifuani pa nani, akasema, "Niache!" Akaondoka mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine amekiacha kituoni.

Kesho yake Didier akaleta kiatu hicho, na pamoja nacho kuku jike mwekundu, mnene, faini ya haya, kama desturi inavyotaka. Alisimama nje ya lango, akampa Papa Gaspard, akaeleza makosa yake kwa adabu, akaenda zake. Papa Gaspard akamleta kuku mpaka mlango wa jikoni.

"Kuku gani?" akasema Mama Léontine. "Mimi sijaona kuku."

Maana yake, faini haijapokelewa. Kuku wa namna hiyo hachinjwi, na kumrudisha ni kuvunja ukoo. Akabaki anatembea uani, akitaga mayai ambayo hakuna aliyethubutu kuyakaanga.

Mungu naye ana mzaha wake. Katika ule msururu wa wagonjwa alikuwamo Mama Claudine, fundi mwenzake wa nguo, mwenye mashine mbili mtaa wa chini, na mdomo unaofanya kazi kuliko mashine zote mbili. Kabla jua la siku ile halijafika utosini, habari ilikuwa imefika sokoni, bandarini, na kanisani. Mama Léontine alilia kama mutoto. Mama Léontine alimwangukia mukwe. Na kila aliyesimulia aliongeza kidogo, kama chumvi.

Basi nini kingemrudisha kituoni? Hata kwa kuvutwa na ng'ombe asingerudi. Akamwambia mume wake kwamba kidole kinaendelea vizuri. Akawaambia wateja kwamba kimeshapona. Na ilipokaribia tarehe nane ya mwezi wa tatu, siku ya wanawake, mamama wa soko la samaki walipokuja na vitenge vyao ili washonewe mtindo mmoja wa kuandamana nao mbele ya tribini, jukwaa la wakubwa, na Mama Claudine akiwa amesimama pale barabarani anasikiliza, Mama Léontine alisema nini?

"Leteni vyote."

Wakaleta vyote. Vitenge vikapangwa sebuleni mpaka vikaziba dirisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa mama huyu kilichokuwa kinakufa ni mkono wenyewe. Gumba lilikuwa halikunjuki tena bila kuvutwa. Akiyashika makasi, yanamwanguka.

Arlette alikuja Jumapili baada ya misa. Akabisha hodi, hakuitikiwa, akaingia. Alimkuta mama yake amekaa sakafuni, vitenge vimemzunguka, makasi yako mkono wa kushoto. Mbele yake palikuwa na kitambaa kilichokatwa upogo, mkato umepita katikati ya ua la kitenge hadi mahali pa kifua. Mama Léontine hakuinua kichwa.

"Funga mlango," akasema.

Arlette akafunga. Akakaa chini pamoja naye, na nguo yake ya kanisani.

"Mama, ulisema kimepona."

"Nilisema." Mama Léontine akaufungua mkono wa kulia, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Siwezi kukata, Arlette. Siwezi hata kushika sindano ya kushonea. Hivi vyote nimevipokea, na siwezi."

"Basi twende kwa dokta."

"Naogopa."

Arlette alikuwa hajawahi kulisikia neno hilo katika kinywa cha mama yake. Mama Léontine mwenyewe alishangaa kulisikia. Lakini likishatoka limetoka, akaliacha liendelee. "Naogopa ile sindano. Nilizaa ninyi bila kulia, nilimzika mama yangu bila kuanguka, na ile sindano nikiiota naamka na jasho. Usimwambie mtu. Hata baba yako."

"Mama, dawa iko. Mume wangu anaweza kukuchom..."

"Yule wa Niemba? Anitoboe sikio?" Hapo ndipo ukali ulimrudia. "Mimi naogopa sindano, wewe unaniletea sindano ingine ya kuniondolea woga wa sindano! Uko mzima?"

"Dawa ya moto ni moto."

"Usinirudishie methali zangu. Mimi njo nilikufundisha." Akayaweka makasi chini. "Na hata nikubali, nani atanishika sikio? Yeye? Kunishika kwapani hakujamtosha?"

"Pale kituoni njo yeye peke yake amejifunza."

"Umeona sasa. Na hata angekuwako mwingine, sitaki mwingine anione nikitetemeka."

Arlette akakichukua kile kitambaa kilichoharibika, akakinyoosha juu ya magoti yake, akakikunja, akakinyoosha tena.

"Na mimi?" akasema. "Mimi nimekuvuta masikio tangu ukinibeba mgongoni. Mimi hakuna ukwe, hakuna haya."

"Wewe ni mwalimu wa darasa la tatu."

"Mwalimu pia anafundishwa. Nipe muda kidogo."

Mama Léontine aliangalia vitenge vilivyoziba dirisha. Akamfikiria Mama Claudine akivibeba kimoja kimoja kuvipeleka mtaa wa chini. Akasema, "Haya." Hakuuliza mtoto wake angejifunza vipi, wala juu ya sikio la nani.

Siku zile za kungoja zilikuwa ndefu. Alikuwa akiwaambia mamama wa samaki kwamba nguo nzuri haiharakishwi. Arlette hakuonekana, kazi yake shule, kutoka shule nyumbani kwake. Mpaka asubuhi moja akaja na pikipiki ikiwa inanguruma langoni, akasema, "Mama, vaa."

Kituoni hapakuwa na msururu bado. Dokta Blanchard alikuwa amewafungulia mapema, na katikati ya chumba alikuwa ametundika pazia la kijani kutoka ukuta hadi karibu na dirisha. Upande wa huku kulikuwa na kiti cha Mama Léontine. Upande wa kule hakuona mtu, ila chini ya pazia aliona viatu vyeusi vilivyopigwa rangi vizuri, vimetulia sambamba.

Akakaa, akautazama ukuta.

"Jambo, mama," ikasema sauti nyuma ya pazia, polepole.

"Jambo," Mama Léontine akaujibu ukuta.

Arlette alinawa mikono, akavaa glavu, akasimama kwenye ncha ya pazia, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Huku kulikuwa na sikio la mama yake. Kule, mume wake alikuwa amekaa amegeuza shavu, na visindano vimekwisha kuchomekwa katika sikio lake mwenyewe, kila kimoja mahali pake, ili mke aangalie kule halafu aweke huku. Dokta alisimama nyuma ya Arlette, mikono kifuani, anafuata kila kitu.

"Mwambie mama apumue taratibu," ikasema sauti.

"Mama, pumua taratibu."

"Mwambie ninapumua."

"Anapumua."

"Mwambie kile cha kwanza atakisikia kidogo, kama kuumwa na siafu. Halafu sikio litapata joto. Joto hilo ni jema."

"Mwambie siafu nawajua," akasema Mama Léontine.

Pamba yenye alkoli ikapita sikioni, baridi. Vidole vya Arlette vikashika ncha ya sikio, kwa upole, bila kusitasita. Tiki. Siafu kweli. Mama Léontine akang'ata meno, akangoja moto upande begani, na moto haukuja. Likaja joto, likashuka shingoni polepole. Tiki nyingine. Mabega yake, ambayo alikuwa ameyainua bila kujua, yakaanza kushuka yenyewe.

Hapo upepo wa ziwa ukaingia dirishani, ukalitupa pazia pembeni.

Lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua, lakini Mama Léontine alikuwa fundi. Jicho lake lilizoea kuona kasoro ya mshono kwa mtazamo mmoja. Aliona sikio la mukwe wake. Lilikuwa limevimba, jekundu, limejaa alama ndogo ndogo kuanzia juu hadi chini, nyingine mpya, nyingine zimeanza kukauka. Sikio la pili lilikuwa limebandikwa plasta. Didier alikuwa ameinamisha macho kwa adabu, hajui kwamba ameonekana. Pazia likarudi mahali pake.

"Arlette," akasema kwa sauti ya chini. "Sikio la mume wako lina nini?"

Arlette akaacha mkono hewani.

"Mama, ulifikiri nilijifunza wapi? Mwanzoni nilikuwa natetemeka, nachoma pembeni, nachoma mara mbili. Alikuwa anasema, rudia. Nikirudi kutoka shule, rudia. Likivimba hili, tunageukia lile. Nikamwambia inatosha, nimeshaweza. Akasema, kwa mama haifai kukosea hata kimoja."

Mama Léontine alifikiria maneno yote aliyoyasema juu ya meza yake ya kukatia. Mutoboa masikio. Yule wa Niemba. Aibu ikamjia, lakini haikuwa ile ya kuanguka. Ile ilimfanya akimbie. Hii ilimfanya anyooke kitini.

"Mwambie pole," akasema.

"Mama anasema pole."

Vile viatu vyeusi vikasogea kidogo.

"Mwambie mama aksanti," ikasema sauti.

Dokta Blanchard akavuta kiti, akaushika mkono wa kulia wa Mama Léontine, akaulaza juu ya taulo. "Tuko tayari, mama?"

"Choma, dokta."

Iliuma. Tusidanganyane, iliuma. Lakini yalikuwa maumivu yaliyosimama mahali pake, kiganjani, hayakupanda, hayakumkalia kichwani, na yeye alikaa akiyatazama tu. Akasikia dawa inaingia, nzito. Akasikia mkono wa Arlette begani. Alikuwa bado anangoja ubaya wenyewe uje, pale dokta alipobonyeza pamba na kusema, "Tayari."

"Tayari nini?"

"Imekwisha, mama."

"Hiyo tu?" Mama Léontine akakiangalia kiganja, akamwangalia dokta. Nje wagonjwa walikuwa wameanza kujipanga, sauti zao zikisikika. "Imekwisha na sikulia?"

"Hukulia kabisa, mama."

"Sema kwa nguvu, dokta. Walioko nje wasikie."

Dokta Blanchard akacheka, na kwa kuwa alikuwa kijana mwenye malezi, akasema kwa nguvu.

Vile visindano huachwa sikioni mpaka vianguke vyenyewe. Arlette alitaka kuvifunika kwa plasta, mama yake akamzuia kwanza. Akaomba kioo. Akajitazama upande, akaona vinametameta juu ya sikio kama vipuli vya mtu tajiri. Akafungua kilemba, akakifunga upya, juu zaidi, nyuma ya masikio. Akaruhusu plasta nyembamba, ile inayoonyesha. Kisha akamwambia mwenye pikipiki apitie mtaa wa chini, na aende pole, sababu barabara ni mbaya.

Barabara ya mtaa wa chini ni nzuri kuliko zote. Lakini Mama Claudine alikuwa amekaa barazani, na ilibidi aone.

Kidole hakikupona siku hiyo. Dokta alikuwa amemwambia dawa inahitaji kukaa, na Mama Léontine akajilazimisha kukaa nayo, akizungukazunguka meza. Halafu asubuhi moja aliamka, akakikunja gumba, kikakunjuka. Akakikunja tena. Kikakunjuka kimya, bila kukwama, kama kidole cha mtu yeyote. Alipiga vigelegele peke yake jikoni mpaka Papa Gaspard akatoka na sabuni usoni kuuliza nani amezaa.

Alikata siku ile mpaka jua likazama. Mkupuo mmoja, pindo hadi pindo. Wanawake wakaja kutazama, wakaacha masimulizi yao. Akamwita fundi mwenzake mmoja wa kanisani amsaidie kushona, lakini makasi hakuna aliyeyagusa. Na kile kitambaa kilichokatwa upogo hakukitupa. Alimpa mwenyewe, yule mama wa samaki, kingine kutoka sandukuni kwake, kile kibovu akajishonea yeye, akauacha ule upogo kifuani jinsi ulivyo, kwa ukumbusho.

Tarehe nane, Kalemie nzima ilikuwa barabarani. Walipita walimu, Arlette akiwamo. Wakapita wa bandari. Walipotokea mamama wa soko la samaki, mikono ya nguo imesimama, mapindo yamelingana toka mstari wa mbele hadi wa nyuma, watu wa tribini wakasimama na bendi ikaongeza mwendo. Mama Léontine alikuwa amesimama pembeni chini ya mwavuli. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Ile ilikuwa kazi ya mkono wake, na mkono wake ulikuwa pale, umeshika mwavuli.

Baada yao wakaja wa afya, sare nyeupe. Didier alikuwa mstari wa nyuma, masikio yake yamekwisha kupona.

"Ee, Mama Léontine!" Sauti ya Mama Claudine ilitoka nyuma, kubwa, ili kila mtu asikie. "Si njo yule aliyekukumbatia kituoni?"

Watu wakageuka. Mwezi mmoja nyuma Mama Léontine angeomba ardhi ipasuke aingie. Sasa alifunga mwavuli wake, akageuka polepole.

"Alinidaka, Claudine. Sema vizuri. Nilikuwa naanguka, akanidaka. Aliiacha haya yake ianguke ili kichwa changu kisipasuke. Nawe wakwe wako, mmoja wao angefanya hivyo, au angekuacha ufike chini kwa heshima?"

Mtu akacheka. Mama Claudine akafungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa ajabu kuuona umefungwa. Bendi ikapita, watu wakarudi kuangalia mbele, na Mama Claudine akasogea karibu, akashusha sauti mpaka ikawa ya mtu mwingine kabisa.

"Bega langu, dada. Dokta anasema ni sindano, ndani ya kiungo. Tangu nilivyokusikia siku ile, silali. Ile ya masikio... inasaidia kweli?"

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mama Léontine alikuwa nayo kwenye ncha ya ulimi, na Mungu shahidi ilikuwa tamu. Akaimeza. Si yote, kidogo aliiacha ionekane machoni.

"Inasaidia," akasema. "Utasikia, lakini utaweza. Nenda kesho, umtafute yule pale. Na usiseme umetumwa na Léontine. Sema umetumwa na mama yake."

Alirudi nyumbani mapema. Papa Gaspard alikuwa uani anavua viatu vya sherehe, na yule kuku mwekundu alikuwa anaparua karibu na miguu yake.

"Gaspard, nishikie yule kuku."

"Kuku gani?" akasema mzee, bila kuinua macho. "Ulisema hujaona kuku."

"Sasa nimemwona."

Papa Gaspard akamtazama mke wake, halafu akainuka na kumkimbiza kuku, mguu mmoja na soksi, akicheka peke yake. Mama Léontine alimchinja kwa mkono wake mwenyewe, ule wa kulia, akamkatakata vizuri, akampika kwa nyanya na vitunguu mpaka harufu ikavuka ua. Arlette alipopita kuwaaga wazazi, akakuta sufuria imefungwa kwa kitenge kipya, kuku mzima ndani, hakikukosekana kipande.

"Mpelekee mume wako. Aonje kwanza yeye. Waonjaji wengine baadaye."

Arlette alifunua kidogo, akaangalia ndani, akafunika upesi. Akaondoka ameikumbatia sufuria kifuani.

Walipokaa mezani, Papa Gaspard alijipakulia bukari, ule ugali wa kwetu, akachovya kijiko katika mchuzi uliobaki, akatafuta, akachovya tena. Tangu waoane, firigisi ya kila kuku aliyechinjwa katika nyumba ile ilikuwa yake, kwa kuwa ndiye mkubwa.

"Mama Arlette, firigisi iko wapi?"

"Imeenda kwa mutoto wangu," akasema Mama Léontine, akamsogezea sahani. "Leo kula mchuzi."